Nyange na Sinia la Tayamamu

Siku tuliyomsomea hitima Bi Tatu kule Mlingotini, wanawake tulibaki ndani baada ya dua. Sahani za pilau zilikwisha kuondolewa, na mazungumzo yakageukia kila mmoja alifundishwa nini na marehemu. Alikuwa somo wa watu wengi. Kwa msomaji asiyejua, somo ni mwanamke mtu mzima anayekabidhiwa msichana aliyevunja ungo ili amfunze mambo ya utu uzima, na wasichana waliopita mikononi mwa Bi Tatu, sasa nao bibi za watu, walijaa chumba kile mpaka ukumbini. Mmoja alisema alifundishwa kupika mkate wa kumimina usiobonyea katikati. Mwingine alisema alifundishwa namna ya kukaa mbele ya mkwe. Mwingine akainamisha kichwa akataja mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, tukacheka tukiziba midomo kwa kanga, maana msiba bado ulikuwa msiba. Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba mimi na Bi Tatu tulifundishana habari ya choo cha paka. Binti yake mdogo, ambaye sasa naye ana mvi, akanigeukia. "Shangazi, mama yangu na choo cha paka, wapi na wapi?" Nikataka kumweleza, lakini chai ikaletwa, watoto wakaanza kulia, na jambo lenyewe halielezeki kwa haraka. Basi namweleza hapa, taratibu.

Ulikuwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya vita vikuu kwisha, wakati nguo bado zilikuwa adimu madukani na mtu aliyepata kanga mpya alipita mitaani polepole ili aonekane. Mimi kanga mpya za mwaka ule sikuziona ila kwa kuchungulia. Nilikuwa nimewekwa ndani, nyumbani kwa bibi yangu, Bagamoyo. Msichana aliyewekwa ndani aliitwa mwari. Hakutoka mchana, hakuonekana na wanaume hata kama ni wajomba zake, hakupaza sauti, na akizungumza na mkubwa alitazama chini. Watoto wa siku hizi nikiwasimulia huniuliza kama nilikuwa nimefanya kosa gani. Sikuwa nimefanya kosa. Nilikuwa nimekua tu. Wala sitaki wadhani mwaka wote ulikuwa wa majonzi. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lenye nondo za mbao lililotazama barazani, na kwa kuwa wanaume waliokaa barazani walisahau kwamba nipo, nilisikia mengi. Nilijua nani amenunua baiskeli na hajui kuipanda. Nilijua fundi cherehani wa mtaa wa pili amechumbia, amekataliwa, na amechumbia tena nyumba ile ile kwa dada mtu. Saa za kahawa nilimjua muuzaji kwa mgongano wa vikombe vyake kabla hajasema neno, na adhuhuri nilijua kwa harufu nani katia nazi kwenye samaki na nani kachoma tu.

Mwenzangu katika kufungiwa alikuwa Nyange, paka wa Bibi, mweupe kama ndege yule anayefuata ng'ombe malishoni, ndiyo maana akaitwa hivyo. Yeye hakuwekwa ndani kwa sababu ya kukua. Jirani yetu alikausha ng'onda juu ya chanja nyuma ya ua wetu, na Nyange alikuwa akivuka ua wa makuti kila asubuhi kwenda kujichagulia. Jirani alivumilia, akalalamika, kisha akaja kusema waziwazi kwamba amepata sumu ya panya na ataitia kwenye samaki mmoja. Bibi akamsikiliza, akamwomba radhi, akafunga mlango wa uani. Jioni akanitania, kama bibi wa pwani wanavyowatania wajukuu zao wa kike, "Haya, mke mwenzangu, sasa nina wari wawili. Sijui yupi atanishinda."

Paka anayetoka nje hana haja ya kufundishwa choo. Huchimba, hujisaidia, hufukia, anakwenda zake. Lakini paka aliyefungiwa lazima atengenezewe mahali. Bibi alipata sanduku la chai la mbao, akalikatisha lipungue kimo, watoto wa jirani wakaletewa kashata ili wachote mchanga pwani, na sanduku likawekwa kwenye pembe ya chumba changu. Siku za mwanzo Nyange alilitumia bila taabu. Aliingia, akanusa, akachimba kwa mkono wa kulia, akageuka, akainua uso akatazama ukutani kwa heshima kama mtu anayesubiri jibu, kisha akafukia vizuri. Niliona fahari kama nimemfundisha mimi.

Hapo ndipo lazima nimweleze Bi Tatu alivyokuwa. Alikuja kila asubuhi na bahasha ya kitambaa chini ya kwapa. Ndani yake mlikuwa na liwa ya kupaka mwilini, karafuu, asmini zilizofungwa kwenye jani bichi, ubani, udi kidogo kwa siku kubwa, na singo aliyoitwanga mwenyewe kwa kunisugulia mwili. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono laini na maneno makavu, na aliamini kwamba mgeni akiingia nyumbani anapaswa kumjua mwenye nyumba kwa pua kabla hajaketi. Alifukiza nguo, alifukiza shuka, alifukiza mtungi wa maji kabla ya kuujaza. Basi alipoingia chumbani kwangu akakuta sanduku la paka, alisimama akalitazama kama mtu aliyekuta punda kitandani. Hakulitoa, maana alijua sababu ya kuwepo kwake. Alilishughulikia. Alichanganya mchanga na karafuu zilizopondwa na mabaki ya singo, akatia asmini zilizokwisha kunyauka, kisha akainamisha kapu juu ya sanduku na kuingiza chetezo cha ubani chini yake, kama anavyofanya kwa nguo za bibi harusi. "Nyumba yenye mwari," alisema, "hata choo cha paka kinukie."

Haukupita muda Nyange akaanza vituko. Alikojoa kwenye majivu ya seredani, jiko letu la makaa, yaliyokuwa yamepoa. Alikojoa kwenye pembe ya ukumbi ambapo sakafu ya udongo ilikuwa imemeguka. Kila alipofanya hivyo Bi Tatu aliona kwamba sanduku halijanukia vya kutosha kumvuta, akazidisha karafuu. Alivyozidisha, ndivyo mambo yalivyoharibika. Bibi alikuwa mpole wa kusamehe. Alisema paka ana uchungu wa kufungiwa, atazoea. Aliyasema hayo mpaka siku paka alipofika kwenye sinia lake.

Mwaka ule Bibi alikuwa mgonjwa wa ngozi. Viganja na nyayo zilimpasuka na kutoa maji, na kila zikiloa zilizidi, kwa hiyo tabibu alimkataza kugusa maji mpaka apone. Mtu wa namna hiyo hutia udhu kwa udongo safi, ndiyo tayamamu: hupiga viganja juu ya udongo mkavu wenye vumbi, akapaka uso na mikono, akasali. Mjomba Selemani, mwanawe aliyekuwa akilima Miono, alimletea mfuko wa udongo wa shambani kila alipoteremka mjini. Bibi aliuchekecha mwenyewe kwa chekeche la unga, akautandaza kwenye sinia la shaba, akaliweka kando ya msala wake chumbani, mahali pa kimya ambapo hapakupita mtu. Yeye aliyekuwa akijivunia udhu wake wa maji ya kisima alilionea haya sinia lile mwanzoni, kisha akalipenda. Aliniambia udongo una upole wake.

Ilikuwa alasiri. Nilimsikia anasema bismillahi, nikasikia viganja vikishuka, kisha kimya kirefu. Nilipochungulia nilimkuta amekaa, mikono ameiinua mbele yake kama si yake. Udongo ulikuwa umelowa chini, umefukiwa juu vizuri sana. Hakupiga kelele. Alichokisema kwa sauti ndogo ni hiki tu: "Sijui ni tangu lini." Nikaelewa kilichomchoma. Najisi ya siku ile ingeoshwa ikaisha. Lakini Nyange alikuwa fundi wa kufukia, na Bibi hakujua ni sala ngapi amezisali kwa udongo ule akidhani ni safi. Alimwomba jirani mmoja amwoshee sinia, akatandaza udongo mpya, na baada ya siku chache ukakutwa tena umechimbwa. Hapo akatuma salamu Miono. Mjomba alikuwa anakuja Ijumaa na mfuko mwingine wa udongo. Akija, arudi na paka. Ghalani kwake kulikuwa na panya, angepata kazi.

Sikulia mbele yake, maana mwari halii ovyo. Lakini naomba msomaji anielewe. Mimi mwaka ule sikuwa na mtu wa rika langu wa kusema naye. Nilichosema kilikuwa "ndiyo Bibi" na "ndiyo somo". Nyange ndiye niliyemweleza habari za fundi cherehani na dada wawili, naye alinisikiliza akiwa amefumba jicho moja. Na nilijua ghala la Mjomba lilivyo. Lilikuwa mbali na nyumba, na mbwa wake walikula paka wa watu mbele ya macho yangu nilipokuwa mtoto. Bibi naye alijua. Asubuhi ya siku ile alipoagiza salamu nilimwona akimkuna Nyange shingoni kwa nyuma ya mkono, pasipopasuka, huku akimwambia, "Ungenisaidia kidogo tu, mwanamke wewe. Kidogo tu."

Basi nikaanza kumtazama Nyange kwa makini, kwa kuwa kutazama hakukukatazwa. Na ningependa kumtia moyo yeyote mwenye mnyama anayemsumbua, kwamba kutazama ndiko kazi yenyewe, na hakuhitaji elimu kubwa. Niliona kwamba halichukii sanduku lenyewe. Alilikaribia kila asubuhi. Alipanda kwa mikono miwili ukingoni, akanyoosha shingo, masikio yakalala nyuma, akatia mguu mmoja, akautoa na kuukung'uta kama aliyekanyaga maji. Mara nyingine alisimama ukingoni akawa anakwangua ubao badala ya mchanga. Kisha huyo, anakimbia. Niliona pia mahali alipochagua. Majivu, sakafu iliyomeguka, sinia la Bibi: vyote vikavu, vyote vinachimbika. Hakuwa amesahau adabu. Alikuwa anaitafuta mahali pa kuifanyia. Lakini kwa nini sanduku hapana, sikulijua hilo mpaka Bi Tatu aliposhikwa na homa.

Hakuja siku kadhaa. Bibi aliwaagiza watoto wa jirani wabadilishe mchanga, nami nikautandaza kama ulivyotoka pwani, kwa kuwa karafuu na chetezo vilikuwa vya Bi Tatu, navyo vilibaki kwake. Siku ile ile Nyange aliingia sandukuni akajisaidia, akatazama ukutani kwa heshima yake ya zamani. Kesho yake vilevile. Sinia la Bibi likakaa salama, na Bibi akaanza kusema labda salamu za Miono zilikwenda mapema mno. Kisha Bi Tatu akapona, akaja na bahasha yake, akalifukiza sanduku kwa bidii ya mtu aliyekosa kazi kwa siku nyingi, na jioni udongo wa tayamamu ulikuwa umechimbwa.

Bibi hakuona nilichokiona mimi. Yeye aliona kwamba Bi Tatu asipokuwepo paka ana adabu, na Bi Tatu akirudi adabu inaondoka. Akamwuliza, kwa kicheko ambacho hakikufika machoni, "Tatu, wewe na paka wangu mna nini?"

Bi Tatu aliacha kutwanga. "Unataka kusema nini, Bi Mkubwa?"

"Nimeuliza tu."

"Mimi nimeingia nyumba za watu tangu hujaanza kuota mvi. Hakuna aliyewahi kuniambia nina kijicho, hata kwa mtoto mchanga. Leo nina kijicho na paka?"

Asubuhi ile nilisuguliwa singo kwa nguvu kidogo kuliko kawaida. Nikaona kwamba jambo limekuwa kubwa. Kukicha Ijumaa Nyange angeondoka, na huenda Bi Tatu naye asingerudi, naye alikuwa rafiki pekee aliyemjia Bibi kila siku. Na mimi nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini somo la kwanza kabisa ambalo Bi Tatu alinifundisha ni kwamba mwari hamrekebishi mkubwa. Ningewezaje kumwambia mwalimu wangu kwamba manukato yake, kitu alichokipenda kuliko vyote na alichosifiwa nacho mji mzima, ndiyo yanayomfukuza paka?

Nilitumia njia aliyonipa mwenyewe. Alinifundisha kwamba mdogo mwenye neno zito hupiga magoti, hushika miguu ya mkubwa, na huomba kuuliza. Alhamisi baada ya adhuhuri, alipokuwa anasaga liwa, nikapiga magoti nikamshika miguu.

"Somo, naomba ruhusa nikuulize."

"Uliza."

"Tungeweka vyombo viwili. Sanduku lako kama lilivyo, na kando yake kingine. Tuone Nyange atakwenda kipi."

"Na hicho kingine kina nini?"

"Hakina kitu, somo. Mchanga tu."

Kutoka kitandani kwake Bibi alisema hakuna mtu wa kujibu badala ya paka, basi paka aachwe ajibu mwenyewe. Bi Tatu akasema, "Mchanga mtupu, katika nyumba ninayoitunza mimi," lakini akainuka mwenyewe akaleta chungu kilichomeguka mdomo, akakijaza mchanga ambao haujaguswa, akakiweka hatua chache kutoka sandukuni. Bibi akaja akakaa mlangoni. Tukakaa wanawake watatu, mmoja ana dawa viganjani, mmoja ana liwa, mmoja haruhusiwi kusema, tukimsubiri paka aende choo. Muuzaji kahawa alipita barazani akagonganisha vikombe, hakuna aliyemwita.

Nyange alikuja kwa wakati wake. Alianza na sanduku, kama siku zote. Akapanda ukingoni, akanyoosha shingo, akapiga chafya. Akashuka. Akakiendea chungu, akakizunguka, akanusa, akaingia, na humo akachimba, akageuka, akainua uso. Bi Tatu aliziba mdomo kwa ncha ya kanga. Paka alipomaliza kufukia na kuondoka, Bi Tatu aliinuka polepole, akapiga magoti mbele ya sanduku lake, akainama akanusa mwenyewe, kwa muda mrefu, kama anayejaribu kusoma maandishi madogo.

"Mimi naona linanukia vizuri," akasema.

"Wewe si paka, Tatu," Bibi akamjibu.

Kicheko kilimwanza Bi Tatu tumboni, kikampanda mpaka mabegani, akashindwa kuinuka pale alipopiga magoti. Bibi naye akacheka mpaka akajisahau akajifuta macho kwa kiganja kibovu, akaguta kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Mimi maskini nadhani anataka zaidi," Bi Tatu alisema, "namwongeza, namwongeza." Bibi akamwambia amsamehe kwa neno lile la jana. Bi Tatu akasema neno gani, hakumbuki neno lolote. Na Bi Tatu aliponipita kwenda uani kumwaga mchanga wa karafuu, aliniwekea mkono kichwani, akauacha pale kidogo.

Ijumaa baada ya sala Mjomba alifika. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilisikia akimwamkia mama yake shikamoo na mama yake akimwitikia marahaba, nikasikia mfuko wa udongo ukitua sakafuni, kisha mlio wa kapu la ukindu lenye kifuniko. Akauliza yuko wapi huyo msafiri.

"Haendi," Bibi akasema.

"Mama, si uliniagiza?"

"Nilikuagiza. Nilidhani ananichezea. Kumbe alikuwa anatafuta udongo safi, akauona ulipo. Na mimi, mwanangu, kila sala natafuta hicho hicho. Nitamfukuzia nini?"

Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache. Akauliza kama anaweza kupata kahawa. Bibi alifungua mfuko, akajaza sinia lake upya, likafunikwa kwa kawa tangu siku ile. Kisha akaanza kuzilipa sala zote alizozitilia shaka, chache baada ya kila faradhi, na iwapo zilikuwa nyingi kuliko alizodaiwa alisema Mungu hatamrudishia. Alizimaliza kabla ngozi yake haijapona.

Lakini nilichotaka kumweleza binti wa Bi Tatu ni cha Jumamosi yake. Asubuhi ile mama yake alikuja kama kawaida, akakaa, akafungua bahasha, akasaga liwa na karafuu, akauvuta mkono wangu magotini kwake. Mimi nilikuwa nimekwisha kunyoosha vidole, kama nilivyofanya miezi yote. Hakunipaka. Alikaa ameushika mkono wangu, na liwa ikaanza kumkauka vidoleni.

"Mwanangu," akasema, "hii unaipenda, au nakupaka tu?"

Hakuna mkubwa aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo. Sikujua kama linajibiwa kwa kutazama chini au kwa kutazama juu. Nikamtazama. Nikamwambia liwa naipenda, asmini naipenda sana, ila karafuu huniumiza kichwa mpaka jioni.

Bi Tatu akauchukua mkono wangu akaufuta kwa kanga yake, kidole baada ya kidole, akaanza kusaga upya.